Nani Ashike Valvu? Mboga za Lushoto na Ghala la Baridi

Hapana mama wa nyumba katika Visiwa vyetu asiyeijua Lushoto, ijapokuwa hajapata kuiona kwa macho. Aijua kwa kabichi na karoti, aijua kwa mbatata azichaguazo Darajani asubuhi, akizigeuza moja moja na kuziweka kando zilizokwisha kunywea. Aijua zaidi kwa bei. Anapouliza kwa nini tungule zimepanda tangu juzi, muuzaji humjibu kwa maneno mawili tu: "Zimeharibika njiani." Naye hulipa, kwani tumbo halina subira.

Twataka leo kuyatazama maneno mawili hayo. Mzigo ulioharibika njiani haukutoweka bure. Kuna watu walioulipia. Ameulipia mkulima wa milimani, kwa kuuza kwa bei ya kutupa kabla mali haijamwozea mikononi. Na ameulipia mlaji wa Unguja na Pemba, kwa kununua kile kidogo kilichosalimika kwa bei ya kile kingi kilichopotea. Masikini wawili, mmoja mlimani na mmoja kisiwani, hawajuani kwa sura, nao wanalipa deni moja.

Wako watakaotucheka na kusema, "Chama cha siasa kina nini na kabichi?" Twawajibu kwamba siasa isiyoingia jikoni ni ngoma ya kuwachezesha watu wenye njaa. Tena twawajibu kwamba wengine wamekwisha kulitia jambo hili katika siasa kabla yetu, maana siku hizi mwombaji kura, wa Bara na wa Visiwani, ni nadra kushuka jukwaani bila ya kuahidi ghala la baridi: la mboga, la samaki, la matunda. Hata wasemaji wetu wenyewe wameahidi hivyo, na hatuoni haya kukiri. Ahadi si mbaya. Lakini kabla ya kuipigia makofi, yafaa mwanachama ajue ghala la baridi ni kitu gani, huendeshwa vipi, na hufa kwa maradhi gani.

Tuanze milimani. Mji wa Lushoto uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, katika Usambara ya Magharibi. Wajerumani walipoitawala nchi hiyo waliuita Wilhelmstal, wakaufanya pahala pa kupumzika na joto la pwani. Baridi iliyowapendeza wao ndiyo inayokuza kabichi, karoti, mbatata, pilipili boga, peasi na mafyulisi, katika vishamba vidogo vilivyoning'inia mbavuni mwa milima, tangu Soni hata Lukozi na Mlalo. Mkulima huvuna, akashindilia mali yake katika tenga au katika lumbesa, yaani gunia lililojazwa hata likaota nundu. Lori likateremka njia ya mapindi, kiasi cha kilomita 33, hata Mombo kwenye joto la tambarare. Kutoka hapo mzigo hukata njia usiku kucha kwenda Dar es Salaam, au huelekea Tanga. Ule uliokusudiwa kuja kwetu hungojea tena: hungojea gati, hungojea karatasi, hungojea chombo, na kama chombo chenyewe ni jahazi, hungojea na upepo.

Na mboga si matofali. Kabichi iliyokatwa ingali hai na inapumua. Joto likipanda kwa digrii 10, pumzi yake huongezeka mara mbili au hata mara tatu, ikawa inajila yenyewe kwa ndani. Ikiwekwa karibu na digrii 0, penye unyevu mwingi, itakaa wiki nyingi. Katika joto letu la digrii 30 itahesabu siku. Tungule nayo haiitaki baridi kali kama hiyo. Ikishushwa chini ya digrii 10 kwa muda huumia, ikapoteza ladha na kuingia madoa, na makazi yake mema ni kati ya digrii 10 na 13. Tena tungule na matunda mengi yanapoiva hutoa hewa inayoizeesha kabichi iliyo jirani. Basi hata ukipewa ghala la bure, huwezi kurundika kila kitu chumba kimoja ukasema umehifadhi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2011 kwamba takriban theluthi moja ya chakula cha wanadamu hupotea au hutupwa duniani. Nyingi ya khasara hiyo yaweza kuzuilika, lakini si kwa hotuba.

Sasa tuingie ndani ya mtambo. Watu husema "mashine inatengeneza baridi," na kwa hakika sivyo. Mashine huhamisha joto. Mtu akimwagikiwa spiriti mkononi huhisi baridi, kwa kuwa spiriti inapogeuka hewa huchukua joto la mkono ikaondoka nalo. Mtambo hufanya kazi hiyo hiyo usiku na mchana. Katika mitambo mikubwa kinachopita ndani ya mabomba ni amonia, ambayo huchemka katika digrii 33 chini ya sifuri. Ikichemka ndani ya mabomba ya ghala hunyonya joto la mboga na samaki. Kompresa huivuta hewa hiyo, ikaishindilia, ikaipeleka nje kulitapika joto lake. Hapo hugeuka maji tena, ikarudi kazini.

Si elimu mpya hii. Mjerumani Carl von Linde aliunda kompresa za amonia katika miaka ya 1870, na mwaka 1882 meli iitwayo Dunedin ilifikisha London nyama iliyogandishwa kutoka New Zealand. Zilizuka baadaye gesi nyingine, zikapendwa kwa kuwa hazinuki. Ndipo wataalamu walipogundua kwamba baadhi yake zinaitoboa tabaka la ozoni, mataifa yakapatana Montreal mwaka 1987 kuziondoa. Zilizoshika nafasi yake zikaonekana zinalipandisha joto la dunia, yakapatana tena Kigali mwaka 2016 kuzipunguza. Amonia haina kosa hilo wala hili. Kosa lake ni jingine: ni sumu, huchoma macho na mapafu, na inataka mwangalizi mwenye elimu na nidhamu.

Mabomba ya mtambo yana milango yake, na mafundi huiita valvu. Iko moja iitwayo valvu ya kipepeo. Ni sahani ya chuma ya mviringo, imetiwa ndani ya bomba juu ya kijiti. Ukikizungusha kijiti robo ya mzunguko, sahani huliziba bomba lote. Ukikirudisha, sahani husimama ubavu, hewa ikapita pande zake mbili kama penye mbawa za mdudu huyo. Hutiwa khasa katika mabomba manene, kama lile la kurudisha hewa kwenye kompresa. Valvu za namna ya zamani huilazimisha hewa kupinda na kupanda ndipo ipite, nguvu ikapotea, kompresa ikatumia umeme zaidi, na bili ikaja kwa mwenye ghala. Kipepeo huiachia njia nyoofu, tena ni chepesi na hakitaki nafasi kubwa. Kwa chumba kidogo cha kijijini chenye mabomba membamba, hapana haja ya chombo hicho. Lakini penye ghala kubwa la bandarini, kiwanda cha samaki au kiwanda cha barafu, sahani hiyo yaweza kuwa ndiyo inayoamua kama shehena itakuwa chakula au taka.

Nasi tumekitaja chombo hiki kwa kuwa kinafundisha vizuri namna ghala linavyokufa. Ghala halifi kwa kubomoka kuta. Hufa kwa vitu vidogo. Valvu isiyochezeshwa kwa miezi hukwama, na siku ya haja haifungi wala haifunguki. Kile kizibo kinachoizunguka sahani hulika, ikawa valvu yaonekana imefungwa na huku hewa inapita. Hapo mtu wa manunuzi huambiwa kipuri cha asili kinatoka ng'ambo na ni ghali, naye huenda dukani akanunua valvu ya kipepeo ya mabomba ya maji. Kwa macho zafanana. Lakini huenda ile ya maji ina raba isiyofaa kwa amonia wala kwa baridi ile, na pengine ina shaba ndani yake, na shaba huliwa na amonia. Ndiyo maana mabomba ya mitambo hii ni ya chuma. Kwa hivyo aliyepunguza gharama mwezi huu ameweka khatari ya mwezi ujao. Na fundi mwenye busara hafungui bomba kwa kuitegemea valvu moja tu iliyofungwa mbele yake. Hutaka kizuizi cha pili, kwa kuwa roho yake ni moja.

Tuyaweke hayo moyoni, kisha tutazame tarikhi mbili, ya kwao na ya kwetu.

Ya kwao ni hii. Baada ya vita kuu vya pili serikali ya Kiingereza iliona kwamba udongo wa Usambara unachukuliwa na mvua, na kwa kweli ulikuwa ukichukuliwa. Ikaanza Mlalo mwaka 1946, kisha ikaeneza mpango wake milimani, ikiwaamuru watu walime matuta mashambani mwao, na asiyelima akatozwa faini au akafungwa. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuuokoa udongo. Lakini walioamuru hawakuwauliza waliolima. Kazi iliwaangukia sana wanawake, na manufaa hawakuyaona. Washambaa wana maneno yao ya tangu zamani: mtawala mwema ni wa *kuzifya shi*, yaani kuiponya nchi, na mbaya ni wa *kubana shi*, kuidhuru. Wakaupima mpango ule kwa mizani hiyo, wakaukataa kwa umoja, na kabla ya uhuru wa 1961 amri ya matuta ilikuwa imekwisha kufa. Funzo lake ni kwamba hata jambo jema, likishushwa kutoka juu bila ya mkono wa mwenye shamba, hugeuka adhabu.

Ya kwetu ni hii. Tangu mwaka 1980 Unguja ilikuwa ikipata umeme kwa waya mmoja uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mwezi wa Mei 2008 umeme ulikatika, tukakaa gizani takriban mwezi mmoja. Disemba 2009 ukakatika tena, na safari hii ilikuwa miezi mitatu, hata Machi 2010. Nani kati yetu amesahau? Mafriji yaligeuka makabati, pampu za maji zilinyamaza, na aliyekuwa na jenereta alikula samaki na asiye nayo alikula moshi wa jirani. Ukupigao ndio ukufunzao. Mwaka 2010 Pemba ilifikiwa na waya wake kutoka Tanga, na mwaka 2013 Unguja ikapata waya mpya wa megawati 100. Twashukuru. Lakini mtambo wa baridi hauli megawati za kwenye hotuba, unakula umeme unaofika saa tisa ya usiku. Na nchi inayoegemea njia moja ni sawasawa na fundi aliyeegemea valvu moja.

Angalieni sasa namna tarikhi hizi mbili zinavyokutana. Umeme wa Pemba unapita katika mkoa wa Tanga, ndiko iliko Lushoto. Mboga zetu zinashuka milima ile ile. Tangu zamani za Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambara aliyefariki mwaka 1862, madiwani wa pwani iliyo baina yetu walikuwa wakitazama pande mbili, Vugha na Unguja. Basi wasitudanganye wanaosema kwamba sisi tunaotaka haki za Visiwa tunataka kuvunja undugu. Undugu wa kweli ni wa watu wanaokula pamoja na kufanya hesabu pamoja, na hesabu ya ghala ni miongoni mwao.

Mkulima wa karafuu hahitaji kuchorewa picha ili ajue valvu ni nini. Amekaa miaka na miaka chini ya sheria ya mnunuzi mmoja, na ameona mkono mmoja ukifungua na kufunga bei. Na katika Usambara ya Mashariki wako walioijua kwa njia ya ajabu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanavijiji wa pande za Amani walianza kufuga vipepeo, vipepeo wa kweli, wakiwapeleka ng'ambo wakiwa bado ndani ya vifuko vyao kwa ajili ya bustani za maonyesho. Ilikuwa biashara ya haraka na uangalifu, maana mdudu akichelewa hutoka njiani na thamani yake ikaisha. Watu wale waliiweza. Kisha mwezi wa Machi 2016 serikali ikazuia usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi, na soko la vipepeo likafungwa pamoja na mengine. Hatusemi kwamba hapakuwa na sababu ya kuwalinda wanyama. Twasema kwamba robo ya mzunguko wa mkono mmoja mbali huko ilitosha kufunga riziki ya watu ambao hawakuulizwa.

Kwa hivyo sisi twasema wazi: swali la ghala la baridi si swali la jengo. Ni swali la mkono. Nani anashika valvu? Nani anaamua mzigo upi uingie kwanza, wa hoteli au wa muuza genge? Nani anaweka akiba ya kununulia kipuri? Nani anajibu siku mzigo ukioza?

Na haya ndiyo tunayotaka wanachama wayadai, popote watakapoahidiwa ghala, na yeyote atakayeahidi, hata akiwa ni wa chama chetu.

Kwanza, madogo mengi kabla ya kubwa moja. Baridi ya kwanza yafaa imkute mboga karibu na shamba, kabla ya joto la Mombo. Vyumba vidogo vya ushirika, vibanda vya kuta za mkaa unaolowanishwa maji ambavyo havihitaji umeme, na maghala ya mbatata yanayofunguliwa usiku yakaingiza hewa ya mlima bure: hayo yanawezekana kwa fedha za watu wa kawaida. Ghala kubwa liwe bandarini, pale mizigo inapokusanyika.

Pili, ghala la bandarini liwe na vyumba mbalimbali vya joto mbalimbali, na liwe na njia ya pili ya umeme. Bila ya hayo ni bora fedha zijenge visima.

Tatu, fedha za vipuri na matengenezo zitengwe siku ile ile linapotengwa fungu la ujenzi, na zitangazwe. Mwenye kujenga bila ya kutenga fedha hizo amejenga stoo ya saruji ya kesho.

Nne, vijana wetu wa Unguja na Pemba, na wenzao wa milimani, wafunzwe ufundi huu skulini na kazini kabla ya mtambo kuwashwa. Isiwe kwamba kila sahani ikikwama hungojewa mgeni ashuke kwenye ndege. Amonia haina huruma na asiyeijua. Vifaa vya kujikinga, king'ora cha uvujaji na mazoezi ya kukimbia viwepo, khasa ikiwa ghala li karibu na nyumba za watu.

Tano, na hili ndilo kubwa, wakulima, wavuvi na wachuuzi wanaolitumia ghala wawe na viti katika uendeshaji wake, na daftari lake lisomwe hadharani kila mwezi: kilichoingia, kilichotoka, kilichooza. Pasiposomwa daftari, maneno "zimeharibika njiani" yatabadilika tu yakawa "zimeharibika ghalani," na mama yule wa Darajani ataendelea kulipa.

Wako watakaosema kwamba haya ni mazito kwa watu wa kawaida, tuwaachie wakubwa na wataalamu. Mtaalamu twamheshimu, maana bila ya yeye sahani haifungi. Lakini mtaalamu ni mshauri wa mwenye mali. Hakuwa mwenye mali kwa kuwa ana spana.

Ndugu wanachama, itafika siku ya kukatwa utepe. Patakuwa na mahema, na viti vya wageni, na matarumbeta. Nendeni, wala msisusie, kwa kuwa jengo limejengwa kwa fedha zenu. Kaeni kwa adabu, sikilizeni hotuba mpaka mwisho. Kisha mmoja wenu asimame, kwa sauti ya upole inayosikika mpaka nyuma, aulize swali moja tu: "Mheshimiwa, ufunguo wa valvu atakuwa nao nani?" Na asikae mpaka ajibiwe.